Saa ya Barafu Kule Muhuru

Homa Bay, Jumapili, Novemba 1998

Mvua imenyesha tangu niliposhuka kwenye lori na haionyeshi dalili ya kuchoka. Chumba kizima kinanuka samaki, na anayenuka ni mimi: gauni, viatu, mpaka nywele. Nimechemsha maji ya kuoga yakapoa, nikachemsha tena yakapoa tena, na bado nimekaa hapa kitandani na kalamu mkononi.

Nina hasira, na wa kumkasirikia ni mimi mwenyewe. Basi niandike haraka kabla sijaanza kujitetea, maana najijua.

Mbuta, yaani sangara, anayefika kwenye visu vya kiwanda chetu amepita kwa watu wa aina tatu. Kule Muhuru Bay chama cha ushirika cha wavuvi kinampima na kumtia barafu. Kampuni ya malori ya Migori inamchukua. Sisi hapa Homa Bay tunampokea, tunamkagua na kumkata minofu ya kupeleka ng'ambo. Kila mmoja anajua kipande chake tu. Mzigo ukichelewa, ushirika unalaumu malori, malori yanalaumu kiwanda, na kiwanda kinalaumu barabara ya Rongo, ambayo angalau haiwezi kujibu.

Mwaka jana nilipoajiriwa kuangalia kompyuta, nilikuja na wazo nililolipata chuoni. Mwalimu wetu mmoja alikuwa ametugawia makala kuhusu namna ya kufukua mwendo wa kazi kutoka kwenye kumbukumbu zake. Usiwaulize wakubwa kazi inakwendaje, kwa sababu watakueleza inavyopaswa kwenda. Chukua saa zilizoandikwa katika kila hatua, zilishe kompyuta, nayo ichore njia ambayo kazi ilipita kweli, hata ikivuka kutoka shirika moja hadi lingine. Nililipenda wazo hilo kupita kiasi. Niliandika programu mwenyewe, wiki baada ya wiki, na kila ilipokwama nilijisikia mtu muhimu.

Tatizo likawa kupata hizo kumbukumbu. Hakuna aliyetaka jirani afunue sufuria yake. Ushirika ulihofia kiwanda kitajua mambo yake, malori yalihofia ushirika, na meneja wetu alihofia wote. Mwisho tulikubaliana hivi: kila shirika lifiche majina, lifiche na siku. Litoe tu saa ngapi zimepita kati ya hatua moja na inayofuata. Samaki kapimwa, baada ya saa kadhaa katiwa barafu, baada ya saa kadhaa kapakiwa, basi.

Nilikubali upesi mno. Niliona zinatosha.

Meneja aliniambia, na hili nisimnyime, nitembelee mashirika yote matatu kwanza nione kazi kwa macho. Migori nilikwenda. Nilikaa na madereva, nikanywa chai yao, nikaona lori likioshwa. Humu kiwandani naishi. Muhuru sikwenda. Nilisema barabara mbaya. Nilisema programu ina matatizo.

Ukweli ni kwamba karani wa ushirika wa Muhuru ni Shangazi Yunia, dada yake baba, na nilikuwa namkwepa.

Sisi ni watu wa Kendu Bay, na kwetu Usabato si kanisa la kuhudhuria tu. Ni jinsi nyumba inavyopumua. Ijumaa jua likikaribia kuzama, vyombo vimeshaoshwa, kuni zimeshapasuliwa, chakula cha kesho kiko tayari, na hakuna anayegusa kazi mpaka Jumamosi jua lizame tena. Shangazi aliolewa Muhuru akaenda na Sabato yake. Likizo zangu zote za sekondari nililala kwake. Ndiye aliyenifundisha kuimba sauti ya pili, na ndiye aliyenisindikiza siku ya kwanza ya chuo akiwa amebeba sanduku langu kichwani huku mimi nikiona haya.

Kiwandani Jumamosi ni siku ya kazi. Nilipoajiriwa meneja aliniuliza kama nina neno juu ya hilo. Nikasema sina.

Hakuna aliyejua nyumbani kwamba nafanya kazi Sabato. Ningekwenda kwa Shangazi, ningefika na macho yangu haya, naye angeyasoma. Kwa hiyo nilimtumia salamu kwa Marwa, dereva wa lori, nikamwomba Shangazi anipe zile saa kwenye karatasi. Alinipa. Alizinakili kwa mkono wake, mwandiko ulionyooka, na pamoja nazo Marwa akaniletea furushi la omena, wale dagaa wa ziwani.

Picha ilipotoka kwenye printa mwezi uliopita, nilipiga makofi peke yangu ofisini. Mishale kutoka Muhuru mpaka kwetu, myembamba na minene, kila mmoja na saa zake. Na hapo Muhuru, kati ya kupimwa na kutiwa barafu, palikuwa na mshale uliojitenga na wenzake. Mizigo mingi ilitiwa barafu mara moja. Lakini mingine, na si michache, ilikaa usiku na mchana kabla ya kuona barafu.

Samaki usiku na mchana bila barafu! Na kule ng'ambo wananunua kwa masharti siku hizi, wanachunguza kila kitu.

Nataka nikumbuke vizuri nilichofikiri dakika ile, kwa sababu ndipo nilipopotea. Mimi nimezaliwa ziwani. Najua mbuta akilala mchana kutwa bila barafu anakuwaje: utasikia harufu yake kabla hujamwona. Mizigo ile yote ilikaguliwa hapa kwetu ikapita. Hakuna hata mmoja ulionuka. Pua za watu wote wa mapokezi zilikuwa zinanieleza kwamba picha ina kasoro, na mimi nikaamini picha. Niliona fahari kwamba nimegundua jambo ambalo pua hazikuligundua.

Nikaipeleka kwa meneja.

Aliitazama, akagonga ule mshale kwa kalamu. "Akeyo, hii imetuokoa," akasema. "Hawa watu watatuharibia soko. Lori lao la mwisho ni Jumapili ya mkutano wao ujao. Kutoka Monday tunachukua samaki beach ingine."

Kisha akanituma mimi niende nikaueleze mkutano wa ushirika. Picha ni yangu, alisema, nani ataieleza vizuri zaidi?

Ndivyo nilivyofika Muhuru juzi Ijumaa, saa kumi jioni, na picha nimeikunja ndani ya mkoba.

Shangazi alikuwa kwenye mizani. Amenenepa kidogo, miwani imefungwa kwa uzi. Aliponiona alipiga kelele mpaka wapimaji wakageuka. "Nyathiwa!" Mtoto wetu. Alinikumbatia na daftari mkononi, akanishika mashavu, akaniambia nimekonda, akarudi kazini. Samaki walikuja, akapima, akaandika. Mimi nikakaa kwenye kreti nikimtazama, moyo mzito, nikitafuta mahali anapozembea ili niumie kidogo tu.

Hakuzembea. Ila jua lilipoanza kuinama juu ya maji, alipima samaki wa mwisho, akafunga daftari, akalifungia kabatini. Akanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Mama Benta, mwenzake ambaye ni Mkatoliki, akajifunga kanga kiunoni akaanza kupasua barafu na vijana wa stoo. Kabla giza halijaingia sawasawa, kila samaki wa siku ile alikuwa amezikwa ndani ya barafu. Niliona kwa macho yangu. Nilitia mkono ndani ya sanduku mpaka vidole vikafa ganzi.

Shangazi alikuwa ameshaondoka kwenda nyumbani. Sabato ilikuwa imeingia.

Nilibaki pale stoo. Nilimuuliza Mama Benta nani anaandika saa ya barafu siku za Ijumaa.

"Yunia," akasema. "Mimi kitabu si yangu, mimi ni barafu tu. Yeye anakuja kesho jioni jua ikizama, anafungua sanduku, anaona iko sawa, anaandika."

"Anaandika saa gani?"

Alinishangaa. "Saa ile amekuja. Ataandika gani ingine?"

Jumamosi nilikwenda kanisani na Shangazi. Niliimba sauti ya pili. Watu walinishika mkono, wakasema nimekuwa mtu mzima, na Shangazi akawaambia wote kwamba mtoto wetu anafanya kazi ya kompyuta na bado anashika Sabato. Halafu akanigeukia, si kwa kunipeleleza, kwa furaha tu. "Ama namna gani?"

Nikasema, "Ndiyo, Waya."

Ndivyo tunavyomwita dada ya baba kwetu, na neno hilo huwa halinipi shida mdomoni. Jana lilinikwama.

Jua lilipozama tulikwenda pamoja stoo. Alifungua kila sanduku, akagusa barafu, akavaa miwani, akaandika. Nilimuuliza, nikijifanya nauliza hivi hivi tu, kwa nini asiandike kwamba barafu ilitiwa jana.

"Jana sikuwa hapa," akasema. "Mimi naandika kitu nimeona na saa nimeiona. Nikiandika ya jana nitakuwa nimedanganya kitabu."

Hivyo tu. Ule mshale wangu ulikuwa Sabato. Usiku na mchana vilivyomshtua meneja vilikuwa siku moja ya mapumziko ya mama mmoja asiyeweza kuandika saa ambayo hakuwepo. Ningeona siku, ningejua mara moja. Msabato yeyote wa Kendu Bay angejua. Na hata bila siku ningejua, kama ningekuja kukaa kwenye kreti Ijumaa moja tu.

Nilipaswa kumwambia hapo hapo. Kulikuwa na njia nzima ya kutoka ziwani mpaka nyumbani, sisi wawili, na hakuna aliyetusikiliza. Yeye alizungumza juu ya kuku wake. Mimi nikasema nitaeleza yote kesho mkutanoni, kwa utaratibu, watu wote wakisikia.

Leo asubuhi mkutano ulijaa. Ushirika hukutana Jumapili kwa ajili ya Wasabato, na hili nalo nililijua tangu utotoni. Mwenyekiti alitangaza habari ambayo wengi walikuwa wameshainusa: lori la leo ni la mwisho, kiwanda kinasema samaki wa Muhuru wanalazwa bila barafu. Kelele ziliinuka. Nikaitwa mbele. Nikafungua picha, ikapita mikononi mwa watu, nikaeleza. Nilisema nimeona kwa macho yangu kwamba samaki wa Ijumaa wanatiwa barafu Ijumaa, na wanaandikwa Jumamosi.

Mwenyekiti ni mtu mwerevu. Aliniuliza swali moja. "Kwa hivyo kompyuta yenu ilidanganya?"

Sasa hapa. Hapa ndipo ninapotaka kurudi, na haparudiki.

Ningesema: nilikosea mimi. Ningesema: niliambiwa nije nione, sikuja, nikachora bila kuona. Watu wale wangenizomea, na kuzomewa hakujamwua mtu. Lakini niliwafikiria wakicheka, nikafikiria habari ikimfikia meneja, nikafikiria miezi yote ya programu yangu. Nikasema, kwa sauti ya ofisini, "Kompyuta ilisoma kile kilichoandikwa."

Ni kweli. Kila neno ni kweli. Na kila kichwa ndani ya ule ukumbi kiligeuka kumtazama aliyeandika.

Mzee mmoja alisimama akasema kwa hiyo samaki hawana makosa, mwenye makosa ni kalamu. Mwingine akasema wametupwa na kiwanda kwa sababu ya dini ya mtu mmoja. Mama Benta alipiga kelele kwamba Yunia ameshika kitabu kile tangu mizani haijaja, wakamwambia akae. Shangazi alisimama bila kuitwa. Hakulia wala hakugomba. Alisema, "Niliandika saa yenye niliona. Kama mlitaka saa ya Benta, mngemwambia Benta aandike." Akaweka funguo za kabati mezani mbele ya mwenyekiti.

Mwenyekiti alijaribu kuwatuliza. Alisema funguo zikae kwake kwanza. Lori likirudi Muhuru, Yunia naye atarudi kwenye daftari. Lisiporudi, watatafuta karani wa kila siku. Watu wakaona ni haki, wakapiga makofi.

Picha yangu ilikuwa bado inazunguka. Ilimfikia Shangazi mwishoni kabisa. Aliisogeza karibu na miwani akaifuata kwa kidole kutoka Muhuru, Migori, hadi Homa Bay, taratibu, kama anavyosoma Biblia. Nilidhani anatafuta mshale wake. Kidole kikapita mshale, kikashuka mpaka chini pembeni, kikasimama. Printa yetu huandika pale, yenyewe, kwa herufi ndogo, siku na saa karatasi ilipochapwa.

Jumamosi. Saa nne asubuhi.

Mashirika matatu tulificha siku zetu zote, na iliyobaki wazi ilikuwa hiyo moja. Sikuwahi hata kuiangalia.

Aliikunja karatasi vizuri, akanirudishia. Hakusema kitu mbele ya watu. Hata sasa namshukuru kwa hilo na naona uchungu kumshukuru.

Marwa alikuwa amechelewesha lori kunisubiri. Ucheleweshaji huo utaingia kwenye kumbukumbu, na siku moja programu yangu itachora kwamba malori ya Migori huzubaa Muhuru bila sababu. Shangazi alinisindikiza mpaka mlangoni mwa lori. Furushi la omena alikuwa amelifunga tangu jana, akaliweka miguuni pangu kama ilivyo kawaida yake. Nikaanza kusema. Nilisema Waya, nilikuwa nataka, Waya, kazini ni kwamba. Akanigusa goti.

"Ungeniuliza tu," akasema.

Sijui alimaanisha barafu au Jumamosi. Nadhani yote mawili. Nimefikiria tangu Muhuru mpaka Migori, kutoka Migori mpaka Rongo, na pale Rodi Kopany, ambapo Marwa alisimama kununua ndizi, nikagundua kwamba kwa yote mawili angenijibu. Kuhusu barafu angenieleza kwa dakika moja. Kuhusu Jumamosi angenuna, angeomba kwa sauti, angenipikia. Hangeniacha. Nilimwogopa mtu ambaye hakuwa wa kuogopwa, na woga huo ndio uliochora picha.

Marwa alikuwa akinitazama kwa pembe ya jicho. "Madam, hii samaki iko nyuma unasikia ikinuka vibaya?"

Nikasema hapana.

"Mimi nimebeba ya huyo mama miaka mingi. Haijawahi." Akaongeza redio. Hakuwa ananisuta, alikuwa anasema tu, na hilo ndilo lililoniliza kuanzia Rodi mpaka hapa.

Sasa usiku unaingia na mvua bado. Omena iko mezani, sijaifungua. Nimeichukua ile picha nikaisoma upya. Ni nzuri kusema kweli. Mishale imepangika. Ningekuwa mgeni, ningeiamini mimi pia.

Kesho asubuhi lori linakwenda ufuo mwingine, isipokuwa mtu amzuie meneja kabla halijatoka. Anaingia saa mbili. Mimi nitakuwa mlangoni kwake kabla ya hapo. Sitamwambia kumbukumbu zilikuwa na kasoro. Nimejaribu sentensi hiyo kichwani na naijua inakoelekea: inaelekea tena kwa Shangazi. Nitamwambia aliniambia niende Muhuru, sikwenda, na nilikwepa kwa sababu zangu. Nitamwambia mshale ule ni Sabato. Atauliza Sabato inahusiana nini na kompyuta, na nitalazimika kumwambia, pamoja na lile neno nililosema sina siku nilipoajiriwa.

Anaweza kunisikiliza. Anaweza pia kumpa kijana mwingine kompyuta yangu, na lori liende linakokwenda. Meneja hapendi kurudi kwa watu kusema alikosea, na katika hilo mimi na yeye tunafanana sana.

Lori likirudi Muhuru, Shangazi anapata funguo zake. Mimi sijui ninapata nini. Nikitaka kujua kama bado nina nafasi kwake, sina karatasi ya kunakili wala programu ya kuchora. Itabidi nipande gari siku ya Ijumaa, nifike kabla jua halijazama, nimuulize.